Zamu ya Maji ya Jumanne

Jumanne asubuhi, kabla vibanda vya chai havijafunguliwa, Muthoki alikutwa amelala chali kando ya mfereji wa umma wa mtaa wa Ujirani, upande wa Dandora. Kisogo kilikuwa kimepasuka, mguu mmoja hauna kiatu, na mtungi wa plastiki umeanguka karibu na mkono wake.

"Maskini, ameteleza," akasema Walter, msimamizi wa wadi, akishuka garini. "Leo ni zamu yao ya maji. Saruji hii ikilowa ni balaa."

Inspekta Khalayi akachuchumaa, akapapasa saruji. Kavu, na vumbi juu yake. Akaugeuza mtungi huku na huku. Majirani walikuwa wamepaka mitungi yao rangi, huyu jina, yule msalaba, kwa maana Ujirani mtungi usio na alama ni wa atakayeuokota. Huu haukuwa na alama yoyote.

"Hakuteleza," akasema. "Ameuawa."

Laiti neno hilo angelimeza! Walter alilidaka papo hapo, tena kwa sauti ya mkutanoni: "Basi muulizeni Ndung'u! Si juzi alimtishia mbele ya watu?"

Ni kweli alimtishia. Ndung'u aliuza maji kwa mkokoteni, na Muthoki, mwenyekiti wa wakazi, alikuwa amewakataza watu wasinunue mpaka apunguze bei. Lakini jamani, kutishia na kuua ni mamoja? Watu hawakuuliza. Wale wale waliokuwa wakimwita "Ndung'u wetu" kila kukicha walimwangukia kwa mawe na vyuma. Polisi walipofyatua risasi hewani, uso wake haukutambulika tena.

Khalayi alimhoji hospitalini.

"Ulimtishia?"

"Nilimtishia, afande. Alikuwa ananiharibia kazi. Lakini nimuue, halafu nimweke pale na mtungi? Ule mfereji haujatoa hata tone tangu Pasaka. Nani angeamini?" Akakohoa damu. "Waambie si mimi. Useme mbele yao, binti yangu Wacera asikie."

"Nitasema."

Kutoka hapo akaenda ofisi ya wadi. Walter hakuwepo. Alikuwepo Ndindi, mama wa usafi.

"Mama, mitungi ya maji mnayo hapa?"

"Mitatu, ya kuoshea vyoo. Leo naona miwili."

"Ina alama?"

"Ya serikali hii? Nani ataiba?" Ndindi akacheka, kisha akashusha sauti. "Na sakafu ya bosi nimeikuta imeshapigwa deki. Bosi kushika deki! Nikasema leo kuna miujiza."

Jumatano wakazi walijaa ukumbini kutoa maoni. Kiwanja cha ukumbi huo kilitakiwa na tajiri mmoja wa majumba, na sheria inasema wananchi wasikizwe kwanza. Muthoki alikuwa amewaandaa wakatae.

"Kwa kuwa mwenyekiti wenu hayupo," Walter akaanza, "tutaendelea tu."

Khalayi akapanda jukwaani. "Bwana Walter, nani alikwambia Jumanne kuna maji hapa?"

"Ratiba. Niliibandika mwenyewe mlangoni."

Ukumbi ukaangua kicheko kibaya.

"Mfereji umekauka tangu Pasaka," akasema Khalayi. "Hapa hata mlevi anajua. Ndung'u ndiye anayejua zaidi, maana ukavu huo ndio unaomlisha. Si yeye aliyeua, Wacera, sikia! Aliyeua ni mtu aliyeamini karatasi yake mwenyewe. Mtungi ni wa ofisi yako, Walter. Sakafu uliiosha wewe. Na konstebo ametoka kufungua buti la gari lako. Kiatu cha Muthoki kimo."

Walter akajifuta jasho.

"Nilimwita ofisini alfajiri tuelewane juu ya kiwanja hiki. Nikamwahidi kibanda kwenye jengo jipya, akanicheka. Akaniambia mimi ni mtumishi wao, si mwenye mtaa. Mimi! Nikamsukuma, akagonga pembe ya meza."

"Akafa palepale?"

"Alikuwa akikoroma." Akatazama chini. "Nilingoja mpaka akanyamaza."

"Tupeni sisi huyo!" watu wakapaza sauti, viti vikaanguka. "Achomwe!"

Simu ya Khalayi ikalia. Akasikiliza, akaikata, akasimama kati yao na Walter.

"Ndung'u amekufa."

Waliokuwa mbele wakarudi nyuma.

"Huyu ninaye, ameshikwa. Sasa nawataka waliompiga Ndung'u. Nyoosheni mikono."

Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, na hakuna aliyenyoosha hata kidole. Mama mmoja akaanza kuimba pambio la msiba, wengine wakaitikia upesi, wamefurahi kupata la kufanya. Wacera akasimama juu ya kiti, akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaanza kuwataja kwa majina, akianza na jirani wa mlango wa pili.