Mlinzi wa Anaeli na Yai la Kwanza

Mimi ni Naelijwa, mlinzi.
Sina mkuki. Nina jino moja linalotikisika.

Ninamlinda mdogo wangu, Anaeli.
Anaeli ana mashavu ya duara, na tumbo lenye ghadhabu.

Akinywa maziwa ya ng'ombe, tumbo hunguruma.
Nguru, nguru, nguru!
Anaeli hulia, na nyumba nzima huhuzunika pamoja naye.

Kwa hiyo Anaeli hula mkekani, peke yake, mbali na vikombe vyetu vya maziwa, uji wake usio na maziwa.
Sisi tukiwa mezani, yeye hutunyooshea mikono.
"Na mimi! Na mimi!"

Neno hilo huniumiza moyo.
Lakini mlinzi halii.
Hujifunika kanga ya Mama, kisha ndipo hulia.

Siku moja tulikwenda zahanati.
Nesi Ndekirwa akampima Anaeli, akampapasa tumbo, akatabasamu.

"Mama Naelijwa," alisema, "maziwa bado. Ila yai, mjaribisheni sasa. Ni heri alizoee angali mdogo."

"Yai?" nikapaza sauti. "Nesi, tumbo hili halina huruma!"

"Nawe ni nani?"

"Mimi ni mlinzi wake."

Nesi hakucheka. Mdomo wake tu ndio uliotaka kucheka.

"Basi sikia, mlinzi. Yai liive kabisa. Apewe asubuhi, akiwa mzima wa afya. Apewe kidogo, ncha ya kijiko tu. Kisha mtazameni."

"Na tumbo likikasirika?"

"Akivimba midomo, akitapika, au akihema kwa shida, mleteni mbio. Ombeni mkiwa njiani. Msiombe mkiwa mmekaa."

Nikalishika neno lake, nikaliimba njia nzima:

*Kidogo, kidogo, ncha ya kijiko.
Tazama, tazama, usifumbe jicho!*

Ikawa asubuhi.
Mama akachemsha mayai, yakaiva kabisa.
Togo, togo, togo, yakagongana sufuriani.

Mama akayamenya, akayapanga kwenye sahani.
Kisha akampakata Anaeli.
Kwa mara ya kwanza, Anaeli aliketi mezani pamoja nasi.

Nikaketi mbele yake, nikamkazia macho.
Nikalikazia macho na yai pia.
Yai halikuniogopa hata kidogo.

Ndipo Baba akasema, "Tuombe."

Ole wangu!

Baba yangu ni mwinjilisti.
Nyumbani kwetu, wakati wa maombi, macho hufumbwa. Midomo nayo hufumbwa.
Hakuna atakayenena hadi Amina.
Na Amina ya Baba hukaa mbali sana.

Baba akaliombea yai.
Akamwombea kuku aliyelitaga.
Akawaombea kuku wa jirani.
Akawaombea wajane, na wasafiri, na mvua za vuli.
Chai ikapoa.

Nami nikafumba jicho moja.
Jicho moja nilimwachia Mungu. Jingine nilimwekea Anaeli.

Tazama! Mkono mdogo ulikuwa ukitambaa mezani.
Pole pole. Pole pole.
Ukashika yai.
Yai zima!

Niseme? Mtoto anenaye katika maombi hukemewa.
Ninyamaze? Yai lilikuwa likipanda kuelekea mdomoni.
Na Baba alikuwa bado kwenye mvua.

Mlinzi shujaa angeruka, akalinyakua.
Mimi nilibaki nimeng'ang'ania kiti changu.
Neno moja tu likanijia, lile moja linaloruhusiwa.

"AMINA!" nikapiga kelele.

"Amina!" akaitikia Mama.
"Amina!" akaitikia Baba mwenyewe, kwa mazoea.

Macho yote yakafumbuka.
Na huyo hapo Anaeli, kinywa wazi, yai mkononi.

"Wee Anaeli!" Mama akalichukua upesi. "Tumesema ncha ya kijiko!"

Baba akanigeukia. Uso wake ulikuwa mkali.
"Naelijwa. Ni nani aliyefunga maombi yangu?"

"Ni mimi, Baba." Sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya kifaranga. "Nesi alisema tumtazame. Wewe ulisema tufumbe. Sikujua nimtii nani."

Baba akalitazama yai mkononi mwa Mama.

"Baba Naelijwa," akasema Mama taratibu, "mpaka ufike kwenye Amina yako, yai lile lingekuwa limetaga jingine."

Mabega ya Baba yakaanza kutikisika.
Akacheka. Akacheka hadi akayafuta machozi kwa kitambaa cha meza.

"Ona mtu mzima mimi!" akasema. "Nimewaombea kuku wa jirani, nikamsahau mwanangu aliye mbele yangu. Tumeagizwa kukesha na kuomba. Mimi nimeomba tu. Aliyekesha ni huyu mwenye jino bovu."

"Si bovu, Baba. Linatikisika tu."

"Nisamehe, mlinzi. Linatikisika tu."

Baba akaomba tena, macho yake yakiwa wazi, yakimtazama Anaeli.
"Bwana, mlinde mtoto huyu. Amina."
Yalikuwa maombi mafupi mno, hata Mama akasahau kuitikia.

Mama akaliponda yai, akalilainisha kwa maji ya uvuguvugu.
Akachota.

*Kidogo, kidogo, ncha ya kijiko.
Tazama, tazama, usifumbe jicho!*

Anaeli akafungua kinywa.
Nyam.
Akakunja uso.
Nyam, nyam.
Akameza.

Tukasubiri.

Nikamshika mashavu kwa mikono miwili, nikaitazama midomo yake.
Nikayatazama masikio yake.
Nikavitazama hata vidole vya miguu, maana hatari haina adabu.

Ghafla nikaona.
"Ole wetu! Madoa! Madoa mekundu mashavuni!"

Baba akaruka. Akavaa kiatu kimoja, akakimbilia mlangoni, akasahau kumchukua mtoto.

Mama akamchunguza Anaeli. Midomo ilikuwa sawa. Pumzi ilikuwa sawa.
Kisha akaishika mikono yangu, akaviweka vidole vyangu juu ya madoa yale.

Vikalingana.
Kila doa lilikuwa na kidole chake.

"Mlinzi," akasema Mama, "mwachie mtoto mashavu yake."

Nikayaachia.
Madoa yakafifia, yakatoweka.
Baba akakivua kiatu chake kimya kimya, kana kwamba hakukivaa.

Tukaendelea kutazama, safari hii bila kushika.
Jua likapanda juu ya banda la kuku.
Midomo haikuvimba. Ngozi haikuwasha.

Nikaweka sikio langu juu ya tumbo lile lenye ghadhabu.
Nguru?
Hapana.
Kimya.

Anaeli akakitazama kijiko. Akanitazama mimi.
"Tena!"

"Utapata tena, mwanangu," Mama akamwambia. "Lakini si yote leo."

Siku nyingine Mama akampa kilichozidi kidogo.
Siku nyingine tena, akazidisha kidogo.
Hatukumletea chakula kingine kigeni, hadi tumbo lilipopatana na yai.
Na kila mara tuliimba, hata Baba, kwa sauti yake nene ya kwaya:

*Kidogo, kidogo, ncha ya kijiko.
Tazama, tazama, usifumbe jicho!*

Maziwa bado. Nesi Ndekirwa amesema tungoje, nasi twangoja.
Lakini mkeka umekunjwa.
Anaeli ana kiti chake mezani, kati yangu na Mama, chenye mto wa kumwinua.

Jioni ya Jumapili, Mama alichemsha mayai kwa ajili ya wote.
Anaeli akala lake, lote, hadi vidole.
Kisha akageuka, akaona langu.

"Anaeli," nikamwonya, "hilo ni la dada."

Nyam!

Nusu ya yai langu ilikuwa imekwenda zake.

Nami, mlinzi mkuu, niliyekuwa nimeketi karibu kabisa, sikuona kitu.
Nilikuwa nikilitazama jino langu, lililong'oka na kulala kwenye kijiko.

Baba akacheka. Mama akacheka. Anaeli akacheka kuliko wote, makombo ya kiini yakimruka mdomoni.
Nilitaka kukasirika, lakini nikashindwa hata hilo.

Mama akatulaza pamoja.
Anaeli akajikunja ubavuni mwangu, mwenye joto, mwenye harufu ya yai.
Tumbo lake likapanda, likashuka. Likapanda, likashuka.

Mimi nililala na njaa kidogo.
Ilikuwa njaa tamu kuliko shibe.