Moshi wa Alhamisi

Gati la kisiwa cha Amu saa nne asubuhi halina adabu. Mashua za Mokowe, ng'ambo ya bara, zilikuwa zimefungana tatu tatu, abiria wanarukia hii ili wafike ile, wachukuzi wanapiga kelele, punda wamesimama katikati ya watu kana kwamba gati ni lao. Raihana, nesi wa zahanati ya mtaani, alikuwa akipanda ngazi na sanduku kifuani, buibui lake lenye zari ya fedha mikononi limerowa upindoni. Akateleza. Mkono wa mtu ukanyooshwa ukashika sanduku. Yeye akaanguka kwa magoti.

"Umeokoa sanduku ukaniacha mimi," alisema akijikung'uta.

"Nalikuona ulivyolikumbatia, Bi. Nikajua wewe ukiumia utapona, lakini hili likizama hutapona."

Raihana alicheka bila kutaka. Aliyekuwa mbele yake ni kijana mrefu, kikoi cha buluu, shati jeupe lililopigwa pasi, kofia iliyodariziwa kwa mkono. Viganja vyake tu ndivyo vilivyokuwa vimepasuka kama ardhi ya kiangazi.

"Muna nini ndani?"

"Mashine ya kupima hewa."

"Hewa ya Amu? Wageni hulipa nauli ya ndege waje kuivuta, nawe waipima?"

"Wageni hukaa siku tano. Mimi nina watoto arubaini na wawili kwenye daftari langu wanakohoa mwaka wa pili huu."

Kijana huyo, Hamdu, alilibeba sanduku mpaka mlangoni mwa zahanati. Njiani alimwambia kazi yake ni chokaa, kama baba yake na babu yake: kila jumba la zamani linalokarabatiwa kwa ajili ya wageni hupakwa chokaa yake. Hakumwambia anaichoma kwa moto wa kitu gani. Zamani tanuri lao lilikula magogo ya mikoko. Ukataji mikoko ulipopigwa marufuku, Hamdu alianza kuleta matairi makuukuu na oili chafu kutoka bara. Jiwe la matumbawe liliiva likawa chokaa vile vile.

Simu zikaanza wiki ile ile.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na usiniite hivyo, shangazi yangu anasikia."

"Mpe salamu. Mwambie mkwewe anamuulizia."

"Mkwe wa nani? Hata posa hujaleta."

Posa ikaja baada ya miezi miwili. Bi Hadia, shangazi aliyemlea Raihana tangu wazazi wake walipofariki, aliipokea kwa furaha, ingawa pumu ilimkatiza maneno. "Kijana ana heshima," alisema, pumzi zikimpiga filimbi. "Atakutunza, mwanangu. Nami ndia yangu si ndefu."

Mashine ilikuwa juu ya paa la zahanati. Kwa kawaida ilisoma uchafu wa ishirini, thelathini. Siku moja asubuhi Raihana alimpigia Hamdu, sauti imempanda.

"Imesoma mia tatu leo. Jumanne iliyopita pia. Kuna mtu anachoma kitu kibaya hapa karibu, na watoto wote hawa ni wa mtaa huu huu."

Hamdu alikuwa amesimama kando ya tanuri. Aliugeuzia moshi mgongo.

"Labda ni taka za mahoteli."

"Labda. Nitamjua tu."

"Na mashine yenyewe iko hapo kila siku?"

"Isipokuwa Alhamisi. Alhamisi naipeleka upande wa pili wa mji."

Alijibu kama mtu anavyomjibu mchumba wake, bila kupima neno. Tangu hapo Hamdu akawa anachoma Alhamisi. Alijiambia ni mpaka harusi tu, kisha atatafuta kuni halali. Raihana naye aliona nambari zimeshuka, akafurahi, akamwambia huyo mchomaji bila shaka amemwogopa Mungu.

"Inshallah," Hamdu alisema.

Alhamisi ya tano upepo uligeuka ukaulaza moshi juu ya mtaa. Raihana alikuwa upande wa pili wa mji na mashine yake, jirani alipompigia: Bi Hadia ameanguka. Alikimbia vichochoro vyote mpaka hospitalini. Alimkuta Hamdu mlangoni. Yeye ndiye aliyembeba mama huyo mgongoni. Hamdu alimwinamia Raihana kumpa pole, naye akasikia harufu. Mpira ulioungua. Ilikuwa kwenye shati lake, kwenye nywele zake.

"Hamdu. Leo ni Alhamisi."

Hamdu alirudi nyuma hatua moja.

"Nilikwambia mimi. Kwa mdomo wangu."

"Raihana, nalikuwa naacha. Wallahi nalikuwa naacha."

Bi Hadia alifariki kabla ya adhuhuri.

Posa ilirudishwa. Baada ya matanga Raihana aliandika ripoti yake, nambari zote, na chini kabisa akaandika kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoa siri ya siku za kupima. Ripoti ikakaa mezani mwa ofisi miezi mitatu. Kisha mgeni mmoja akapiga picha ya moshi mweusi wa tanuri jingine ukipita juu ya bwawa la hoteli yake, akaiweka mtandaoni, na matanuri yote yakafungwa kwa siku moja. Raihana alipata barua ya uhamisho kwenda kisiwa cha Pate.

Hamdu alimfuata gatini siku ya safari. Amekonda.

"Nimelivunja tanuri kabla hawajaja kulifunga," alisema. "Siku ya tatu ya msiba. Nilitaka ujue."

"Nilisikia."

"Wanichukia?"

Raihana aliweka begi chini. "Ulipoitwa kwamba ameanguka, ulijua ni kwa nini?"

"Nalijua kabla sijafika mlangoni."

"Na bado ulikwenda ukambeba."

"Nikambeba."

"Basi hilo ndilo linalonitesa. Ungekimbia ningekusahau upesi." Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa ukingo wa mtandio. "Nimekusamehe, Hamdu. Nimemwomba Mungu akusamehe pia. Lakini kila nikivuta pumzi karibu nawe nitamsikia shangazi akizitafuta zake. Siwezi kulala na hilo nyumba moja."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye, mpenzi."

Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. Akapanda mashua ya Mtangawanda, gati la Pate.

Huko Pate alikataa posa mbili. Ya tatu, ya mwalimu aliyefiwa na mke, mwenye binti mmoja, akaikubali. Khabari ilimfikia Hamdu akiwa juu ya ngazi, anapaka ukuta wa jumba la mgeni kwa chokaa ya mifuko kutoka bara. Hamdu aliumaliza ukuta, akashuka, akanawa mikono, akaenda kuswali.