Matanga ya Tumbi

Sogeeni karibu. Na wewe wa huko nyuma, acha kumfinya mwenzio. Hadithi hii ina huzuni, inataka watu watulivu.

Huko Muheza, kwenye nyumba yenye mlango wa kijani, aliishi Mwaija. Alikuwa na miaka sita. Kaka yake aliitwa Shomari.

Walikuwa na gemu moja, ndogo, ya kushika mkononi. Ndani yake waliishi vidubwana. Unawakamata, unawalisha, wanakua, wanapambana.

Kidubwana wa Mwaija aliitwa Tumbi. Alikuwa na tumbo kubwa na miguu mifupi. Kila pambano alishindwa yeye.

Lakini humo ndani ya gemu, Mwaija akienda mtoni, Tumbi alimfuata. Akienda msituni, Tumbi alimfuata. Tepe, tepe, tepe.

Jumamosi asubuhi, gemu ikaleta toleo jipya. Ikauliza, "Nibadilike?" Shomari akabonyeza "Ndiyo." Hakumuuliza mtu.

Tii! Ikabadilika. Lo, rangi hizo! Milima mipya, vidubwana wapya. Shomari akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana.

Mwaija akaishika gemu. Akaenda mtoni. Akageuka nyuma. Hakuna tepe, tepe, tepe. Hakuna mtu.

"Kaka, Tumbi yuko wapi?"

"Wamemtoa. Toleo jipya halina Tumbi. Lakini tazama joka hili."

"Silitaki. Mrudishe Tumbi."

"Harudi, Mwaija. Gemu ikishabadilika, ndiyo basi."

Watoto wa jirani wakaja kutazama, Chande na Pili. "Mpya ni tamu," akasema Chande. "Ya zamani ilikuwa tamu zaidi," akasema Pili. Mpya, ya zamani, mpya, ya zamani. Wakabishana mpaka kuku wakahama uani.

"Na kale ka Tumbi kalikuwa ka bure tu," akasema Shomari.

Jamani, neno hilo lilimuuma Mwaija.

Akakumbuka Bibi Mwanahawa wa nyumba ya pili alipofariki. Watu walitandika mikeka. Walikaa chini. Walisema pole.

Basi Mwaija akatandika mkeka uani. Akajitanda kanga ya mama. Akakaa.

Pili akaja. "Kuna nini hapa?"

"Matanga ya Tumbi."

Pili akavua ndala, akakaa. "Pole, Mwaija."

"Nishapoa." Wapi, hajapoa.

Chande akaja, anataka kucheka. Akayaona macho ya Mwaija. Akavua ndala, akakaa.

"Pole, Mwaija."

"Nishapoa." Wapi, hajapoa.

Mama akachungulia kutoka jikoni. Hakucheka. Alileta uji, akamiminia kila mtu kikombe chake. Fuu, fuu, wakaupuliza.

Shomari alikuwa mlangoni na gemu mkononi. Joka lilikuwa likinguruma. Hakuna aliyekwenda kulitazama.

Kisha akaizima gemu. Akaenda kuiweka juu ya kabati. Akarudi, akavua ndala, akakaa karibu na mdogo wake.

"Ulipokuwa shule, mimi ndiye niliyemlisha," akasema. "Nilikuwa nampa ndizi mbili. Hakuwa wa bure. Pole, Mwaija. Ilifaa nikuulize kwanza."

Sasa ndipo Mwaija alipolia. Alilia kwa sauti, machozi yakaingia kwenye uji. Shomari akamshika bega, na yeye pua ikaanza kumtiririka.

Walikaa hivyo mpaka jua likashuka nyuma ya paa. Mwaija akalaza kichwa kwenye paja la kaka yake. Kifua chake kikatulia. Macho yakawa mazito.

Chande, huyu naye hakomi, akanong'ona, "Lakini Shomari, sema kweli. Ipi tamu, mpya au ya zamani?"

"Mpya," akasema Shomari, polepole, asimwamshe mdogo wake. "Ila leo sichezi. Nimefiwa."