Tanuri la Marehemu Matano

Jua lilikuwa linatua nilipochukua ndoo kwenda kumtekea maji wifi yangu Mishi. Alikuwa edani, na mjane wa kwetu akiwa edani hatoki. Kazi zake zote za nje nilizifanya mimi, dada wa marehemu, na nilizifanya nimefura kwa hasira. Sikumkasirikia Mishi. Niliwakasirikia watu waliomnyima kaka yangu usingizi akiwa hai, na ambao, kama nilivyokuja kuona, hawakumpa hata alipokufa.

Nitaeleza nilichokiona. Atakayeniita mwongo na aniite, nimeshaitwa mabaya zaidi.

Kaka yangu Matano alikuwa mchoma mbata. Banda lake la tanuri lilikuwa hapa Diani, upande wa baharini, pamoja na nyumba yake. Alirithi vyote kwa baba yetu. Nazi zikifuliwa na kupasuliwa hupangwa juu ya uchaga, na chini yake huwashwa moto wa makumbi na vifuu mpaka nyama ya nazi ikauke, iwe mbata. Moshi wake ni mzito na una harufu, sikatai. Lakini tulizaliwa ndani ya harufu hiyo, na haikumuua mtu.

Kisha wazungu wakaanza kujenga nyumba zao za kupumzikia. Jirani yetu mpya akalalamika kuwa mashuka yake yananuka. Haukupita muda, ikaja kanuni: ni marufuku kukausha kitu kwa moshi upande wa baharini. Waliokuwapo kabla ya kanuni wataachwa, ila kwa masharti. Mwenye tanuri achome mwenyewe, si mwanawe wala ndugu yake. Moto ukilala mwezi mzima, tanuri limekufa, livunjwe. Na nyumba nayo ivunjwe, kwa sababu ilihesabiwa kuwa ni makao ya mchoma mbata na si kitu kingine.

Aliyetuletea habari hizo barazani ni karani mmoja, Kenga, Mgiriama wa upande wa Malindi. Si mtu mbaya, lakini anapenda kuchekesha watu. Alimwambia Matano aape kwa desturi yetu kuwa hatamwachia mtu mwingine tanuri lile. Kanuni haikutaka kiapo. Kenga alitaka tu baraza licheke, na watu kweli walicheka.

Matano hakucheka. Alichota jivu la tanuri, akalilamba mbele ya Kenga, akaapa kuwa moto ule ni wa mkono wake na hautalala.

Kiapo cha jivu hufunguliwa na yule aliyekipokea. Na hufunguliwa kabla mtu hajatiwa ardhini, la sivyo maiti hapumziki mpaka afunguliwe.

Matano alishikwa na homa akafa, tukamzika siku ileile. Sheikh aliuliza kama kuna mwenye haki yoyote juu ya marehemu, watu wakaitikia kuwa wamemsamehe. Hakuna aliyemfikiria Kenga. Nani humkumbuka karani wa serikali makaburini? Mimi pia sikumkumbuka, na tangu siku ya mazishi tanuri likawa baridi.

Basi nilikuwa kisimani na ndoo yangu, giza linaingia.

Nikasikia harufu ya moshi.

Nilidhani ni jikoni kwa mtu. Lakini ulikuwa moshi wa makumbi, na ndani yake mlikuwa na harufu nyingine... ya kafuri. Kafuri tuliyompaka Matano kabla ya kumvika sanda.

Kisha sauti. Nazi ikipigwa juu ya kifuo, ule mti wenye ncha wa kufulia, kumbi likichanika. Kra. Kimya. Kra... Matano alikuwa akifua hivyo, akipumzika kati ya pigo na pigo kwa sababu ya bega lake bovu.

Niliweka ndoo chini nikasogea mpaka kwenye ukuta wa makuti. Nikachungulia.

Alikuwa ameinama juu ya kifuo, amenipa mgongo. Sanda ilikuwa nyeusi kwa masizi. Mikono yake ilikuwa ikifanya kazi kama kawaida, ila ilikuwa myembamba kuliko niliyoijua, na alipoinua nazi niliona moto kupitia kiganja chake.

Nilikimbia ndani bila maji. Mishi alikuwa amekaa mkekani, watoto wamelala pembeni yake. Nilimwambia kwa kunong'ona. Hakushtuka.

"Namsikia tangu juzi," alisema. "Punguza sauti, watoto wasiamke."

Sikulala. Nililia kwa uchungu, nikamlaani jirani, nikalaani mashuka yake, nikamlaani aliyekaa kwenye kiti akafikiri kuwa kazi ya mtu inaweza kufungwa kwenye mkono wake kama mbuzi kwenye kigingi. Maiti wetu wana haki ya kulala. Wa kwao wanalala, tena chini ya mawe mazuri yaliyochongwa.

Siku ya pili, magharibi, Kenga akaja kulifunga tanuri. Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha na alikuja kuthibitisha kuwa moto umelala. Alinipa pole ya msiba. Sikuipokea. Nilimwambia aende akaangalie mwenyewe.

Alikwenda. Alikaa kidogo sana. Aliporudi kofia yake ilikuwa mkononi.

"Amenisalimu," alisema. "Ameniita kwa jina, Bibi Mwanapili. Ameniuliza kama nimeridhika."

Nilimshika ukosi wa shati lake la serikali. Mwanamke hamshiki hivyo mwanamume asiye wake, lakini nilimshika. Nilimwambia kile kicheko chake cha barazani kimemfanya ndugu yangu mtumwa kaburini. Nikamwambia aingie amfungulie kiapo chake, sasa hivi, kabla sijafanya jambo ambalo atakuja kulisimulia kwa tabu.

Kenga hakujitetea.

"Nitamfungulia," alisema. "Neno moja tu, na atalala. Lakini sikiliza, dada yangu. Akilala, tanuri halina mwenyewe. Kesho watakuja na mashoka, na nyumba nayo itakwenda. Akiendelea, nitakwenda kusema kweli tupu: moto unawaka, na anayechoma ni yeye. Kanuni haiulizi kama yuko hai."

Nilimwambia amfungulie.

Ndipo Mishi aliposema kutoka nyuma ya pazia. Alinena nami, kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kusema na mwanamume wa nje, lakini sauti ilitufikia sote wawili. Na ilifika bandani pia, kwa maana kifuo kilinyamaza.

"Mwanapili. Wanangu watalala wapi?"

Nilikuwa pale kwa ajili ya eda tu. Mimi ninakaa kwa mume wangu Msambweni, chumba kimoja na mama yake. Kule bandani hapakuwa na sauti hata moja. Alikuwa akisikiliza. Matano alikuwa akingoja tuamue, kama alivyokuwa akingoja alipokuwa hai, maana hakuwa mtu wa kumkatalia mkewe.

"Mwache achome," Mishi akasema. Na alikuwa akilia.

Nilimwachia Kenga ukosi wake. Alivaa kofia akaondoka upesi, na wiki ile tukaambiwa kuwa tanuri limeruhusiwa kuendelea.

Kifuo kilianza tena. Kra. Kimya. Kra.

Kiliendelea jioni baada ya jioni, na mbata ilitoka nzuri, nyeupe. Wanunuzi waliichukua. Mmoja tu alilalamika kuwa mafuta yake yana harufu ya msikitini, nikamwambia aoshe pipa.

Kisha nazi zilizokuwa bandani zikaisha. Nilijua kwa sababu kifuo kilinyamaza mapema, na nilisimama uani nikiwa na matumaini, nikisema moyoni, basi, hana cha kufua, atakwenda zake.

Mlango wa makuti ukasukumwa kidogo. Pakacha tupu likatoka taratibu, likasukumwa chini mpaka kwenye mwanga. Vidole vilivyolisukuma havikuwa na nyama tena.

Ndani ya nyumba mtoto wa Mishi alikohoa usingizini, akageuka, akatulia.

Nilikwenda kwenye rundo la nazi chini ya minazi. Nikamjazia.