Jina la Bibi Mal-ja

Kila Jumamosi Eun-sol alipotoka chuoni alimkuta jirani yao, Bibi Mal-ja, akianika mwani kando ya ukuta wa mawe meusi. Bibi alikuwa akipiga mbizi baharini kuvuna mwani tangu utotoni, na hakusoma hata darasa moja. Lakini miamba ya chini ya bahari aliijua kwa majina, na kipupwe kizima alimtajia Eun-sol mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya ripoti yake ya utafiti.

"Na jina langu litakuwemo, mjukuu wangu?"

"Litakuwemo, Bibi. Wee tulia tu."

Ripoti ilipokamilika, Bibi alinawa mikono, akaketi. "Haya, nionyeshe lilipo."

Eun-sol akafunua ukurasa wa mwisho, penye orodha ya vyanzo. Maprofesa ishirini na wawili na vitabu vyao. Bibi alikuwa amefundishwa uzeeni kuandika jina lake, akalijua kwa macho. Kidole chake kikashuka taratibu hadi chini, kikarudi juu.

"Mbona silioni?"

"Bibi, hapo huwekwa vitabu," Eun-sol alisema, haya zimemjaa. "Wewe nimeandika 'wenyeji wanasema'."

"Ala! Kumbe mimi ndiye wenyeji!" Bibi akacheka kidogo, akarudi kwenye mwani wake. Hakuuliza tena.

Eun-sol alijua amekosea. Akajiambia atarekebisha wiki ijayo. Wiki ikazaa mwezi. Mwezi wa tatu tangu siku ile, Bibi alizama asiibuke, na wapiga mbizi wenzake wakamleta pwani amekwisha kukata roho.

Eun-sol alilia mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake alikwenda kwa profesa wake, akaungama yote, akaomba kuandika upya. Alikubaliwa, ingawa alama zilipunguzwa.

Siku ya kumbukumbu ya marehemu, aliiweka ripoti mpya kwenye meza ya tambiko nyumbani kwa Bibi, kati ya wali, samaki na machungwa aliyotengewa. Akaufuata ukurasa wa mwisho kwa kidole hadi mstari wa chini kabisa: Hyeon Mal-ja, mpiga mbizi, kwa mazungumzo.

"Lipo, Bibi. Lipo hapa," alisema, machozi yakimdondoka.

Binti wa Bibi, mpiga mbizi pia, akamshika bega. "Umefanya vyema, mwanangu. Elimu uliyopewa ina mwenyewe, awe profesa au asiyejua kusoma. Mtaje. Ila siku nyingine, mtaje angali anasikia."