Kwaya Iliyosingiziwa Ufa

Wewe uliuona ufa ule. Ulipita mtaani Kibagabaga, ukaona ukuta umepasuka toka chini hadi dirishani, ukageuza uso. Ukasema ni nyumba ya watu. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na kitanda cha mtoto, Ihirwe.

Baba yake, Zephaniah, alikuwa na jibu tayari. "Ni kwaya ya jirani. Wanapiga ngoma kila Jumamosi, ukuta unatikisika."

Mkewe Kellen alimwambia Aprili ya mwaka jana: maji ya mvua yanashuka kutoka kwenye bati letu, yanachimba msingi. Akamwambia tena Septemba. Machi hii akamwambia akiwa ameshika ndoo. Kila mara Zephaniah alimkata kauli. Akaenda kushtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, kwaya ikahamishwa. Jumamosi zikawa kimya. Ufa ukapanuka kidole kizima.

"Mtikisiko umebaki ndani ya udongo," Zephaniah akaeleza.

Mwishowe akaitwa fundi Silvère. Aliukagua ufa, akamsikiliza Kellen, kisha akaketi juu ya mfuko wa saruji.

"Kwanza hamisheni kitanda cha mtoto. Pili, mzee, mama amesema nini?"

"Ana mambo yake huyo. Sasa hiyo kwaya..."

"Sijauliza kwaya. Sishiki mwiko mpaka uniambie alichosema, na yeye akubali."

"Amesema ngoma zile..."

"Hapana," akasema Kellen.

"Amesema nilijenga vibaya."

"Hapana. Ingawa hilo nalo ni kweli."

Zephaniah akajikuna kichwa. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na neno la mkewe hakuwa nalo hata moja. Aibu ikamshika.

"Basi sema tena, Mama Ihirwe."

Akasema. Zephaniah akafunga mdomo, kazi ngumu kuliko kubeba mawe. Kisha akarudia polepole: "Unasema maji yanatoka kwenye bati letu, yanachimba msingi wetu."

"Ndiyo hivyo."

"Maji yetu wenyewe?"

"Yetu wenyewe, Baba Ihirwe."

Kitanda kikahamishwa, Silvère akainuka, akashika mwiko. Wakaimarisha msingi, wakaweka mfereji wa kukinga maji kwenye ukingo wa bati, maji yakaingia kwenye tangi. Mvua kubwa ilipokuja, ukuta ulisimama, na Ihirwe hakushtuka usingizini.

Na wewe, acha kusoma. Nyumbani kwako kuna mtu amesema jambo mara tatu, ukamjibu kabla hajamaliza. Nenda kamuulize alisema nini. Rudia maneno yake mpaka akwambie ndiyo. Nenda sasa hivi, ukuta haungoji.