Pombe ya Kipaimara

Valeria alipika pombe ya mtama nyumbani kwake Nangara, mjini Babati. Alikausha kimea uani, akakisaga, akapika uji, kisha akauacha uchachuke kwenye ndoo kubwa ya plastiki. Pombe yake ilisifiwa mpaka kijiji cha Nakwa. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa na mama yake, Kandida.

Mwaka huo binti yake, Hosiana, alipata kipaimara. Ndugu na majirani walialikwa. Asubuhi ya sherehe Valeria alifunua ndoo, harufu mbaya ikampiga puani. Juu ya pombe palikuwa na utando mweupe. Alipochota, pombe ilivutika kama mlenda.

"Mama, hii si imeharibika?" alimuuliza Kandida.

Kandida alionja kidogo. "Imekuwa kali tu. Toa huo utando, izimue kwa maji. Wageni wako njiani, mwanangu."

Bomba lilikuwa halitoi maji. Valeria akachota ya kisima, akazimua. Wageni wakanywa. Kandida naye akanywa, akacheza na mjukuu wake.

Kesho yake watu wengi waliumwa matumbo. Vijana walipata nafuu. Kandida, kwa uzee wake, aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Walimkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari alisema maji yamemwishia mwilini, na wamechelewa kumleta. Jioni hiyo hiyo akafariki.

Msibani, Nehemia, kaka yake Valeria, alimwambia mbele ya watu, "Umemuua mama kwa pombe yako."

Valeria aliinuka akaingia jikoni.

Baada ya mazishi majirani waliacha kupita kwake. Wengine walinong'ona kwamba aliweka sumu. Aliyekuja ni Scholastica, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Pole, Mama Hosiana."

"Asante. Hata wewe umekuja kuuliza habari za sumu?"

"Siamini habari za sumu. Nionyeshe ndoo yako."

Scholastica alipitisha kidole ndani ya ndoo. "Ina mikwaruzo. Unaisugua kwa nini?"

"Kwa mchanga."

"Mchanga unachimba plastiki. Uchafu unajificha humo na vijidudu vinazaliana. Ukimimina uji, vinaingia. Na chachu unatoa wapi?"

"Machicha ya pombe iliyotangulia."

"Hiyo iliyotangulia ilikuwaje?"

Valeria alikumbuka. Nayo ilikuwa imeanza kunuka.

"Basi uliipanda tena, kama mbegu mbovu," alisema Scholastica. "Na maji ya kuzimulia?"

"Ya kisima. Sikuyachemsha."

Scholastica alishusha pumzi. "Pombe iliyoharibika ni ya kumwaga, haitengenezwi. Na maji ya kisima yanaweza kubeba ugonjwa wa kuharisha. Mtu akiharisha, mnywesheni mapema chumvichumvi ya pakiti ya dukani, iliyokorogwa kwa maji yaliyochemshwa, mkimpeleka hospitali."

"Kwa hiyo ni mimi."

Scholastica hakumdanganya. "Hukujua," alisema. "Na yeye aliyekufundisha hakuambiwa na mtu." Akakaa naye mpaka machozi yakakauka.

Miezi mingi Valeria hakupika. Alipoanza tena, alitumia ndoo mpya yenye mfuniko. Aliiosha kwa sabuni, maji ya moto na kitambaa laini, akaisuuza kwa maji yaliyochemshwa, akaiinamisha juani ikauke. Alinawa mikono. Uji aliupoza ukiwa umefunikwa. Machicha ya zamani aliyatupa, akachachusha kwa kimea kipya kisicho na ukungu. Maji ya kuzimulia aliyachemsha.

Siku ya Krismasi walikuja wachache. Valeria alichota, akanywa yeye kwanza. Nehemia alisimama mlangoni.

"Maji umechemsha?"

"Nimechemsha, kaka."

Alikunywa akiwa amesimama, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi Valeria alitembea mpaka Nakwa, anakoishi kaka yake. Alimkuta Nehemia shambani kwake akifunga ng'ombe nira, mzima kabisa.

"Umekuja kuangalia kama nimekufa?"

Valeria alilia palepale, kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia msibani. Nehemia aliiweka nira chini. Hakusema kwamba amemsamehe.

"Ingia ndani," alisema. "Wifi yako ameinjika chai."